Mikono Nyuma ya Mgongo

Kazi yangu ni kuwaosha watu. Niko katika nyumba ya kutunzia wazee, huku kusini-magharibi mwa Sydney, na tangu naingia zamu mpaka natoka ni kuvaa glavu na kuvua, kuvaa na kuvua. Kila mzee na jozi yake, kila jambo na jozi yake: ya kuogesha, ya kubadilisha nepi, ya kupaka dawa, ya kulisha. Katikati unanawa kwa sabuni au unajipaka sanitaiza. Ukikosea mpangilio huo unaitwa ofisini. Siusemi vibaya. Hata mimi nisingependa kulishwa na glavu iliyotoka kwa jirani. Lakini ngozi yangu haikuulizwa.

Ilianza kwa kuwashwa katikati ya vidole. Nikasema ni baridi ya Juni, kila mtu anakauka. Halafu vikaja vipele vidogo vya maji, ukivikuna vinapasuka, vikipasuka vinaunguza. Kisha ngozi ya maungio ikachanika, na kila nikikunja ngumi ili nimshike mzee kiunoni, nilihisi inafunguka upya. Ndani ya glavu jasho linaingia kwenye ile mipasuko, nawe unatakiwa utabasamu kwa sababu mzee anakutazama usoni.

Nikafanya tunayofanya sisi: maji ya moto na chumvi. Kwetu mtu akiumwa jino, koo au mguu, ataambiwa maji ya moto na chumvi, na ukilia wanakwambia hapo ndipo dawa inafanya kazi. Kila jioni niliingiza mikono kwenye beseni nikang'ata meno. Asubuhi imevimba, myekundu, inang'aa. Nikahamia mafuta ya nazi, nikahamia mafuta ya mgando. Ya mgando yalinituliza, ila ukiyapaka kazini glavu inateleza na kuchanika, na wewe huna muda wa kuchanikiwa na glavu.

Msimamizi sikumwambia. Sisi tusio na ajira ya kudumu tunaitwa zamu kwa simu, na simu ikinyamaza hakuna anayekueleza kwa nini imenyamaza. Niliona mhudumu mwenye mikono mibovu atatafutiwa mbadala kimyakimya. Kwa hiyo nikawa wa kwanza kuvaa glavu na wa mwisho kuzivua, na nje ya kazi nikawa mtu wa kuvuta mikono ya sweta mpaka kwenye kucha. Kanisani nikawapa watu kiwiko badala ya mkono, wakadhani bado naogopa korona.

Juu yangu, ghorofa ya pili, anakaa binti wa Kikongo na mumewe. Walikuja kwa njia ya ukimbizi, wametokea upande wa Bukavu, wakapitia kambini miaka mingi. Yeye alikuwa akifanya kazi kama yangu, kwenye nyumba nyingine ya wazee, mpaka tumbo likamzuia. Mumewe yuko ghala, zamu ya alasiri mpaka usiku. Mwanzoni mimi na yule binti kila mmoja alimwona mwenzake anakiharibu Kiswahili. Baadaye tukazoeana, nikawa napanda kwake na yeye anashuka kwangu, bila taarifa.

Mama yake alibaki kambini. Waliomba viza aje kumpokea mjukuu, ikakataliwa. Siku waliyopata jibu, binti alipiga simu ya video huku analia, na yule mama akaomba nipewe simu. Nikaishika kwa mikono iliyofichwa ndani ya sweta.

"Minakuachia mutoto yangu," akaniambia. "Haukumuzala, minajua. Lakini mukono yako njo itakuwa mukono yangu. Umukande, umuogeshe mutoto mupaka kitovu ianguke. Unasikia, dada?"

"Nimesikia, dada," nikajibu. "Usiwe na wasiwasi."

Nilijibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, maana nilifurahi. Mimi nimezaa wavulana watupu, wako Tanzania na wake zao, na wakwe zangu wana mama zao wa kuwakanda. Sikuwahi kuombwa na mtu nisimame kama mama wa mzazi. Nilishuka ngazi nikiwaza taulo gani nitatumia kumkandia, na nusu ya njia nikakumbuka mikono yangu.

Alijifungua salama, mtoto wa kiume, mrefu, mwenye nywele kama ametoka kuchanwa. Waliporudi kutoka hospitali mkunga wa kliniki aliwapitia nyumbani, akasema mtoto haogeshwi kila siku, inatosha mara mojamoja. Tukaitikia kwa heshima. Alipotoka tukapatana maji yachemshwe kesho yake asubuhi.

Hapo sasa ndipo nilipokuwa na la kufanya na sikulijua. Sikujua nina nini mikononi. Huenda ni ugonjwa wa kuambukiza, huenda ni fangasi, huenda ni jambo baya zaidi ambalo sikutaka hata kulitaja. Kumgusa mtoto mchanga, kitovu bado kibichi, kwa mikono inayotoa majimaji, sikuweza. Kusema "sitamwogesha" nako sikuweza, kwa sababu ya ile ahadi, na kwa sababu ya furaha yangu mwenyewe. Nikaenda supamaketi nikanunua boksi la glavu. Nikaona nimepata njia.

Asubuhi ile kulikuwa na joto zuri bafuni, hita imewashwa, beseni la mtoto liko sakafuni juu ya mkeka. Binti amekaa kwenye kiti, amejifunga kitenge, mtoto mapajani. Mumewe alikuwa amelala. Nikapiga magoti, nikapima maji kwa kiwiko, nikatoa glavu mfukoni nikavaa. Nikanyoosha mikono kumpokea mtoto.

Hakumtoa.

"Maman, ile ni nini?"

"Glavu."

"Ya nini?"

"Usafi tu, mwanangu. Mlete, maji yatapoa."

Akamtoa kidogokidogo. Nikamweka majini, nikamshika kisogo kwa mkono wa kushoto, nikaanza kumwagia maji kifuani. Mpira uliteleza juu ya ile ngozi yake laini, sikumhisi vizuri, ikabidi nimbane kuliko nilivyotaka. Akalia. Binti akainama mbele.

"Kule kwa bazee tunavalaka gants juu ya caca, juu ya mavi," akasema. "Mutoto yangu ni caca?"

"Usinitukane. Nimekwambia usafi."

"Ao ni miye? Unawaza niko na bugonjwa?"

Mimi nina hasira za karibu. Nimeacha usingizi wangu, nimepanda ngazi na taulo zangu, halafu naambiwa maneno. Nikamwambia kama hanitaki aseme, asizunguke. Wakati huohuo jibu la kweli nilikuwa nalo, limefungiwa ndani ya ule mpira, lilihitaji kuvuliwa tu. Aibu ikanishika ulimi.

Sauti yake ikashuka, na hapo ndipo iliponiumiza zaidi.

"Kambini kila mutu alikuwa anatushika na gants. Batu ya sindano, batu ya visa. Walikuwa banatufungua kinywa na gants. Miye nilisema huyu wangu, atashikwa na mukono." Akaingiza mikono majini, akamchukua mtoto akiwa amelowa, akamfunika kwa kitenge alichovaa. "Rudia kwako, maman. Merci."

Niliondoka na taulo zangu. Jikoni kwangu, nilipokuwa navua zile glavu, ndipo nikaona ya kushoto imechanika kwenye kidole gumba. Mpasuko wangu mkubwa kuliko yote uko hapohapo. Na mkono wa kushoto ndio uliomshika mtoto kisogo.

Siku zilizofuata nilikaa nikisikiliza dari. Ukuta wa nyumba hizi ni mwembamba, unasikia mtu akivuta kiti, unasikia bomba likifunguliwa. Mtoto alilia sana. Bomba la bafuni halikufunguliwa kwa muda wa mtu kuoga, wala sikusikia beseni likiburutwa. Hakuna aliyekuwa akimwogesha mtoto, na hakuna aliyekuwa akimkanda mzazi. Kazini nilivaa glavu zangu, nikawaosha wazee wa watu, nikarudi kusikiliza dari. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa nikimwogopea, na vyote viwili vilinikosesha usingizi.

Nikakutana na mumewe kwenye ngazi, anaenda ghala, kofia imemshukia machoni.

"Mtoto hajambo?" nikamuuliza.

"Aiko mubaya. Ile mama yake anamupangusa na kitambaa tu. Anaogopa maji, anasema atamuangusha. Minamwambia akuite, anakataa." Akaisogeza kofia juu. "Na shingo iko na kitu. Upele kidogo. Pale nyuma."

"Nyuma wapi?"

Akajigusa kisogo. Palepale.

Sikumbuki nilimuaga vipi. Nakumbuka nimesimama kwenye stesheni ya Macquarie Fields nikisubiri treni ya kwenda Campbelltown, kwa daktari, mikono kwapani, na nikiomba Mungu kwa maneno ambayo si ya kuombea. Niliomba iwe ni mimi peke yangu. Kama ni kuoza vidole nioze mimi, ila yule mtoto asiwe amepata chochote kutoka kwangu. Kazi sikuiwaza tena. Zamu zangu, ofisi, simu kunyamaza, vyote vilikuwa vimetoka kichwani.

Daktari alikuwa kijana, pengine rika la mwanangu wa pili. Aliniambia niweke mikono mezani. Kwa miezi sikuwa nimeiweka mbele ya mtu. Akaishika bila glavu. Nikairudisha nyuma kwa nguvu mpaka nikagonga kiti.

"Utaambukizwa," nikamwambia kwa Kiingereza changu.

Akacheka kidogo, akaishika tena, akaigeuza huku na huku, akaniuliza mikono hii inashinda ikifanya nini. Nikamweleza: glavu, sabuni, sanitaiza, glavu. Nikamweleza na maji ya chumvi. Hapo akakunja uso.

Hakikuwa kitu cha kuambukiza. Ngozi yangu na glavu haziivani, akasema, na maji na sabuni zimezidisha ugomvi. Kuna kemikali zinazotiwa kwenye mpira, huenda mojawapo ndiyo inayonikataa. Angenipeleka kwa mtaalamu wa ngozi, nikabandikwe vibandiko mgongoni ili ijulikane ni ipi. Akaniandikia dawa ya kupaka. Akaniambia niache maji ya moto, niache chumvi, nipake mafuta mazito kila nikinawa nikiwa nyumbani, kazini nivae glavu nyembamba za pamba ndani ya zile za mpira, na kubwa kuliko yote nimwambie msimamizi wangu, maana ni wajibu wao kunitafutia glavu za aina nyingine.

"Na mtoto?" nikauliza. "Nimemshika mtoto mchanga. Ana upele shingoni."

Akaniuliza maswali, akasema watoto wachanga wengi hutoka vipele, mkunga atamtazama, lakini kutoka kwangu hakuupata. Nikalia palepale, si kwa staha. Akanisogezea tishu na kungoja.

Halafu akanipa sharti. Ngozi iliyopasuka hukaliwa na vijidudu kwa urahisi, na kitovu cha mtoto ni kidonda. Mpaka mipasuko yangu ifunge, nisimwogeshe mtoto yeyote mchanga. Mengine nifanye, hilo hapana.

Nikatoka pale nimepona roho, ila ahadi yangu imevunjika. Kitovu kingeanguka kabla mikono yangu haijafunga. Hilo nilijua bila kuambiwa na daktari.

Msimamizi nilimwambia kesho yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nimepanga maneno kwenye treni, nikayasema yote kwa pumzi moja. Akaitazama mikono akaguna, akaenda stoo akarudi na boksi la glavu za rangi nyingine, akaniuliza kwa nini nimevumilia hivyo. Simu ya zamu iliendelea kuita kama kawaida.

Kisha nikapanda ngazi. Sikubeba taulo. Nilivaa blauzi ya mikono mifupi, baridi yote ile, ili nisipate pa kujificha. Binti alifungua mlango, macho yamevimba, maziwa yamelowesha blauzi. Kabla hajasema neno nikanyoosha viganja mbele yake, nikavigeuza.

Alivitazama muda mrefu. Hakuvigusa.

"Ni glavu za kazini," nikasema. "Nimetoka kwa daktari. Haiambukizi. Mtoto hajapata kitu kwangu, na wewe hukuwa na kitu cha kunipa. Nilivaa zile kwa sababu niliogopa mikono yangu."

"Juu ya nini haukusema?"

"Aibu."

Nyuma yake mtoto alikuwa akilia kilio cha kukata tamaa, cha mtu aliyelia tangu asubuhi.

"Mukunga alipita jana," akasema. "Alisema ile upele ya shingo ni ya batoto bote. Lakini alisema pia ananuka maziwa hapa." Akajigusa chini ya kidevu. "Mutoto yangu ananuka, maman. Miye naogopa maji."

"Leo ataoga."

"Utamuogesha na nini? Na ile mikono?"

"Daktari amenikataza kumwogesha. Utamwogesha wewe. Mimi nitakuwa hapa na mdomo wangu."

Akatazama sakafu, akatazama mikono yangu tena, akasogea nipite.

Tukachemsha maji. Safari hii yeye ndiye aliyepiga magoti, mimi nikasimama ukutani, mikono nimeifungia nyuma ya mgongo, nikishika kiwiko kwa nguvu. Nikamwambia apime maji kwa kiwiko. Nikamwambia mkono wa kushoto upite nyuma ya shingo, ushike kwapa la upande wa pili, kidole gumba juu ya bega, vidole vinne chini. Akakosea. Nikamwambia tena. Akakosea. Mabega yangu yalikuwa yakisogea yenyewe kama yanayomwogesha.

"Usiniangalie mimi, mwangalie yeye," nikafoka. Nikasikia ninavyofoka, nikapunguza. "Unaweza, mwanangu. Miguu kwanza. Mteremshe polepole."

Mtoto alipogusa maji alishtuka, akatanua mikono, halafu akanyamaza. Binti akamwagia kifua. Akapitisha kitambaa chini ya kidevu, kwenye ile mikunjo, nikamwambia ainue kidogo, apanguse, asisugue. Akazunguka kitovu bila kukigusa. Nikaanza kupumua.

Makosa yakawa kwenye sabuni. Alimpaka nyingi, na mimi sikuona mapema, nilikuwa natazama kitovu. Nikamwambia amgeuze amsafishe mgongo. Akamgeuza. Mkono wake ukapita, mtoto akateleza kama kipande cha sabuni chenyewe, uso ukaingia majini.

Sikuamua. Nilijikuta nimepiga magoti, mikono yangu iko ndani ya beseni, kiganja kimoja chini ya kifua chake na kingine kisogoni. Nikamtoa. Maji ya sabuni yakaingia kwenye mipasuko yangu yote kwa pamoja, sikujali. Alikohoa. Akakaa kimya, uso umekunjamana, na sijawahi kuogopa kimya namna ile. Kisha akalia kwa nguvu zake zote.

Tukabaki tumetazamana, mimi na mama yake, mtoto katikati. Nilikuwa nimemshika kwa mikono mitupu, ile ile niliyotoka kumwonyesha mlangoni, ile iliyokatazwa. Nikangoja anifukuze mara ya pili, na nilijua safari hii sitarudi.

Aliingiza mkono wake wa kushoto chini ya wangu, nyuma ya shingo ya mwanawe, akatafuta kwapa, kidole gumba juu, vinne chini.

"Achilia, maman. Nimemushika."

Nilichelewa kuachia. Alingoja mpaka nikaachia. Nikasimama, nikarudi ukutani, nikairudisha mikono nyuma ya mgongo, inadondosha maji sakafuni. Nilitaka kulia, nikajizuia nisimvuruge. Alimrudisha mtoto majini taratibu, akamsuuza bega, akamsuuza mgongo, mkono haukuteleza. Kilio kikapungua. Nikaona hanihitaji tena, nikaanza kuutafuta mlango kwa macho.

Hakugeuka kunitazama.

"Maman, mbona umenyamaza?" akasema. "Bado masikio."

Nikamweleza masikio.